Magunia Mawili ya Kalondu

Tangu nyonga yake ivunjike, Filister alishinda katika saluni ya binti yake Celine, huko Kawangware, kando ya barabara ya kwenda Satellite. Alikalia kiti cha plastiki chenye mito miwili, magongo yake yameegemea ukuta, na kazi yake ilikuwa kuchambua nywele za kusukia: azivute, azigawe vijifungu, azining'inize kwenye kamba. Ni kazi ya vidole tu. Mdomo ulibaki bure, na mdomo wa Filister haukuzoea kukaa bure.

"Kitendawili!"

"Tega," akaitika Bridgit, msusi, bila kuondoa macho kwenye kichwa alichokuwa akikisuka.

"Nina nyoka mrefu, hana meno wala sumu, lakini akilia soko zima linahama."

Bridgit akafikiri kidogo. "Kanjo."

Saluni nzima ikacheka. "Kanjo, wale askari wa jiji, wana meno," Filister akasema, "na sumu wanayo. Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Satellite."

"Satellite si mji, ni steji. Nipe mji wa maana."

"Haya mathe, chukua Kisumu."

"Nimeenda Kisumu, nimekula samaki ngege mzima kwa ugali, nimeoga ziwani, nimerudi. Jibu ni treni."

Hilo alilijua vizuri. Kwa miaka ishirini na sita Filister aliuza omena, dagaa wakavu wa ziwani, kando ya reli kwenye stesheni ya Kibera. Wauzaji wa pale hutandika magunia yao hadi ukingoni mwa chuma chenyewe, kwa sababu huko ndiko miguu ya wateja inakopita. Treni ikipiga honi, kila mtu huinua mzigo wake na kurudi nyuma hatua mbili. Treni inapita karibu kiasi kwamba leso zinapepea. Ikishapita, magunia yanashuka tena na mtu anaendelea na bei aliyokuwa ameikatiza katikati.

Nafasi za pale hazina karatasi wala jiwe la mpaka. Zina sheria moja tu, ambayo hata mtoto aliyezaliwa jana mtaani Laini Saba anaijua: nafasi ni ya anayeinua. Honi ikilia, yule anayeinua mzigo mahali fulani ndiye mwenye mahali pale. Na treni ikipita mahali ambapo hakuna aliyeinua kitu, pamekufa, na mwenyekiti wa wauzaji anaweza kumpa mtu mwingine.

Basi mwezi wa pili, asubuhi moja ya manyunyu, honi ililia na Filister akainuka na beseni lake kama siku zote, mguu ukateleza juu ya taruma la reli. Watu walimvuta kabla treni haijafika. Omena ilibaki huko, naye akapelekwa hospitali, na kutoka hospitali Celine akamleta Kawangware. Daktari alisema asijaribu kuinama mpaka mwezi wa nane. Filister alihesabu: miezi sita. Mguu haukumuuma kama alivyoumwa na ile hesabu. Nafasi yake ilikuwa karibu kabisa na lango, mahali ambapo kila anayeshuka kwenye treni lazima apite. Nani angeiacha miezi sita?

Alijaribu kumpigia jirani yake wa reli, Kalondu, Mkamba wa Kitui aliyeuza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na ndengu ubavuni mwake miaka kumi na minane. Simu ilijibu kwamba mteja hapatikani. Akajaribu tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Hapatikani.

Ndipo siku moja Celine, akitafuta nyimbo kwenye televisheni ya saluni, akaangukia kitu cha ajabu.

"Mama, hebu tazama. Hii si Kibera?"

Filister akainua uso. Kulikuwa na reli, kulikuwa na mabati yenye kutu, na kwa mbali maghorofa ya Nyayo Highrise. Mwanamke alipita na ndizi kichwani. Mbuzi alikuwa amesimama katikati ya reli akifikiria maisha yake.

"Ni picha ya lini?"

"Ni sasa hivi. Ni live, mama. Huyo mbuzi ako hapo saa hii."

Ilikuwa kamera ya fundi mmoja wa simu aitwaye Jeremy, mwenye duka la ghorofani mkabala na stesheni. Jeremy anapenda treni kuliko chakula, akafunga kamera dirishani ili wanaopenda treni kama yeye waone, popote walipo. Na walikuwepo! Pembeni mwa picha maneno yao yalipanda: Mjapani mmoja alikuwa akiandika kila siku kwamba treni imechelewa dakika nne, dakika saba. Sauti haikuwepo. Jeremy aliizima baada ya majirani kulalamika kwamba ugomvi wa nyumba zao unasikika hadi Ulaya.

Kuanzia siku hiyo nyimbo zilikwisha katika saluni ile. Wateja waliokuja kusukwa kwa saa nne walijikuta wakijua mambo ya Kibera kuliko ya plot yao. Walimjua mzee wa viatu anayesinzia saa tano kamili. Walijua kwamba mbuzi yule hatoki kwenye reli kwa honi, anatoka kwa ganda la ndizi. Kila treni ilipotokea kwenye kona, vichwa vyote viligeuka, na Bridgit akipiga kelele, "Mtulize shingo! Nitasuka masikio ya mtu!"

Filister aliuliza maswali kuliko wote. Yule mwanamke wa chai ameongeza birika, ana mteja gani mpya? Lile bati lililopakwa rangi ya kijani ni kanisa au kinyozi? Na mbona watu wanaruka pale kwenye nguzo, kuna dimbwi? Alitazama mahali alipokaa miaka ishirini na sita kama mtu anayetazama kisogo chake kwa mara ya kwanza.

Siku ya tatu akamwona Kalondu.

"Yule! Yule mwenye leso ya manjano! Ndiye!" Nywele za kusukia zikamwangukia miguuni. "Yawa, mtazameni, ni mzima! Amekonda kidogo. Kalondu! Kalondu!"

"Mama, hakusikii," Celine akasema.

"Najua hanisikii. Kwani nimekatazwa kumwita?"

Furaha hiyo ilidumu mpaka treni ya jioni. Honi haikusikika saluni, ila watu wote kwenye picha waliinama kwa pamoja, kama wanaoanza sala, na Filister akajua. Kalondu aliinuka haraka, akapita gunia lake mwenyewe, akaenda mpaka karibu na lango. Pale palikuwa na mzigo uliofungwa kwa turubai la buluu. Akauinua ule kwanza, akaurudisha nyuma. Kisha akakimbilia gunia lake la muthokoi na kuliondoa wakati treni iko juu yake.

Filister akashika magongo yake.

"Pale ndipo pangu," akasema.

"Pale wapi, mathe?"

"Pale kwenye lango. Yeye ana magunia mawili. Ameinua pangu."

Bridgit akaacha kusuka. Sheria ya reli walikuwa wamefundishwa wote kwa siku tatu zile, kwa hiyo kila mtu alielewa. Anayeinua ndiye mwenye mahali.

"Labda amekuwekea," Celine akasema.

"Angeniambia. Simu yake imezimwa tangu nivunjike. Mtu anayekuwekea kitu anazima simu?"

Wiki nzima Filister alitazama. Alitazama kama mtu anayechambua mchele usiku wa umeme kupotea, punje moja moja. Kila asubuhi Kalondu alifika na mizigo miwili kwenye mkokoteni. Ule wa turubai aliuweka langoni, wala hakuufungua, akaenda kukaa kwa muthokoi wake. Kila treni, aliinua ule wa turubai kwanza. Na jambo moja lilimchoma Filister kuliko yote: kila alipoukaribia mzigo ule, Kalondu alivuta leso na kujifunika uso mpaka chini ya macho.

"Unaona?" Bridgit akasema. "Anajificha. Mtu hajifichi bure."

"Anajua ni dhambi," mteja mmoja akaongeza kutoka chini ya mashine ya kukausha.

"Anaficha uso kwa nani?" Celine akauliza. "Watu wote wa pale wanamjua. Mama, picha haina mdomo. Ngoja niende Jumapili nikamuulize."

"Jumapili ni mbali. Akizidi kuinua hivi, hata Mungu hatanirudishia." Filister akanyoosha mkono. "Nilimpa maji huyu. Mtoto wake Kaluki alipougua surua ni mimi nilimbeba. Nipe simu."

Celine alikuwa na namba ya mwenyekiti wa wauzaji, Waithaka, tangu siku ya ajali. Alisitasita, kisha akaipiga, maana mama ni mama.

"Mama Celine!" Waithaka akapaza sauti. "Tulisikia umehamia Kawangware kabisa."

"Nani alisema nimehama? Mwenyekiti, ni nani anainua mahali pangu?"

"Si ni Mama Kaluki? Mimi nilidhani mlikubaliana."

"Hatukukubaliana. Hajaniuliza, sijampa. Mtoe."

Upande wa pili Waithaka alivuta pumzi. "Kesho asubuhi nitashughulikia," akasema.

Kesho yake hakuna aliyesukwa. Wanawake sita walipanga viti mbele ya televisheni kama watu waliokuja matangani. Saa nne Waithaka aliingia kwenye picha, mtu mrefu mwenye kofia, nyuma yake watu kumi wasio na kazi. Alisimama mbele ya Kalondu. Mikono ikaanza kusema. Wa Waithaka ulielekeza langoni. Wa Kalondu ulijigonga kifuani, kisha ukaelekeza mbali, upande wa Kawangware.

"Anasema nini?" mteja akauliza.

"Anakutukana, mathe," Bridgit akasema. "Ona kidole."

Kalondu alitembea hadi kwenye turubai, akajifunika uso, akafungua kamba. Akalivuta turubai kwa nguvu. Na pale pale Waithaka akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Akashika pua. Wale kumi wakashika pua. Mmoja alikimbia mpaka nje ya picha. Hata mbuzi aliondoka, bila ganda la ndizi.

Ndani ya turubai kulikuwa na gunia, na juu ya gunia beseni la rangi ya machungwa lenye kiraka cha plastiki nyeusi ubavuni. Kiraka hicho Filister alikichomelea mwenyewe, kwa kisu cha moto, Krismasi iliyopita.

"Beseni langu," akasema.

Ilikuwa omena yake. Ile ile aliyoiacha siku ya ajali, ambayo aliihesabu imeliwa na mbwa. Kalondu hakuiuza wala hakuitupa. Aliibeba kila asubuhi, akaiweka mahali pa mwenyewe, akaiinua kila honi, ili mahali pasife. Na Kalondu, dunia nzima ya reli inajua, harufu ya omena humtoa machozi. Miaka kumi na minane alikuwa akigeuza kiti chake kufuata upepo, na Filister akimcheka.

"Hakuwa anajificha," Filister akasema taratibu. "Alikuwa anaziba pua. Miezi miwili. Hii televisheni yenu ina jicho kubwa, lakini pua haina."

Bridgit alianza ghafla kutafuta kichana kilichokuwa mkononi mwake.

Kwenye picha Kalondu alilifunga turubai tena. Kisha akabeba gunia lake la muthokoi, akaenda nalo hatua nyingi kutoka pale, akakaa akiwapa mgongo watu wote. Mzigo wa buluu ukabaki langoni peke yake.

Simu ikalia. Alikuwa Waithaka.

"Mama Celine, kumbe ni mali yako. Anasema yeye alikuwa mkono tu, mwenye mahali ni wewe. Alinyamaza kwa sababu ya wale waliokuwa wakisema umehama kabisa; angesema ni mzigo wako, wangedai pamekufa."

"Nimeona, mwenyekiti. Mwambie—"

"Sikiliza kwanza. Amekasirika. Amesema mbele ya watu kwamba hainui tena kitu cha mtu maisha yake yote. Na wewe ulisema hamkukubaliana, siwezi kusema sikusikia. Kuna watu watatu wananisumbua kwa ile nafasi. Treni ya jioni ikipita na hakuna wa kuinua, sina maneno tena."

Filister alikata simu akaanza kutafuta magongo.

"Mama, daktari alisema—"

"Daktari alisema nisiiname. Hakusema nisiende. Celine, nyathina, mwanangu, tafuta gari."

Walipata gari la jirani, Kagiri, ambaye aliwashusha stesheni muda wa kutosha kabla ya treni. Na jambo la kwanza lililompiga Filister lilikuwa kelele. Kumbe alikuwa amesahau. Wiki nzima alikuwa akitazama watu wakifungua midomo bila sauti, na sasa kila mdomo ulikuwa na redio yake. Kulikuwa na moshi wa mahindi, na mtaro, na mafuta ya mandazi, na juu ya hayo yote, kutoka langoni, harufu moja iliyokuja kumpokea kama mbwa wa nyumbani. Aliangalia ghorofani. Kamera ya Jeremy ilikuwa kidude kidogo tu, kama kibiriti. Akashangaa jinsi kitu kidogo vile kilivyomjaza kichwa uongo mkubwa.

Kalondu alikuwa amekalia ndoo, anachagua mawe kwenye ndengu. Hakugeuka.

"Mama Kaluki," Filister akaita.

"Mama Kaluki hayupo. Hapa yupo mwizi wa nafasi. Unamtaka yupi?"

"Namtaka huyo mwizi. Saluni nzima tulimtazama kwenye televisheni, kwa kamera ya Jeremy, tukamhukumu. Nimekuja kumwomba msamaha."

Wauzaji wakaacha biashara. Mwanamke wa chai alisogea na birika zake zote mbili.

"Nilikupigia simu," Filister akasema. "Kila siku hupatikani."

"Simu iliangukia kwenye sufuria. Ilichemka na muthokoi mpaka ikaiva. Kaluki ndiye aliiona akipakua."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kalondu hakucheka.

"Na wewe unadhani sikukutafuta? Nimekuja Kawangware Jumapili mbili. Nikauliza Mama Celine. Nimeonyeshwa akina Mama Celine watatu, mmoja akanipa chai, mwingine akanitolea mbwa. Hakuna hata mmoja mwenye magongo."

"Na mbona hukuiuza omena, Kalondu? Ungeiuza upumzike."

"Niiuze vipi? Mimi najua gorogoro la kupimia omena linajazwa namna gani? Mnarundika au mnasawazisha? Mali ya mtu haiuzwi kwa kubahatisha." Sasa akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu, wala si kwa harufu. "Wewe si unapenda vitendawili? Kitendawili!"

"Tega," Filister akaitika polepole.

"Nina mgeni kwangu, miezi miwili. Haongei, hali, hanisaidii hata kufagia. Lakini Jumapili nikiingia kanisani, benchi nzima inajua nimelala naye."

Watu waliangua kicheko mpaka mzee wa viatu akaamka. Filister alijua jibu, mtu gani asingelijua? Lakini aliona kwamba Kalondu hataki jibu.

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Kawangware."

"Nimeenda Kawangware," Kalondu akasema. "Nimemkuta rafiki yangu wa miaka kumi na minane amekaa mbele ya televisheni. Ananitazama kama mchezo, yeye na wasusi wake. Ananiona nikiinua, ananiona nikilia kwa samaki wake. Halafu badala ya kutuma mtoto aniulize, anampigia mwenyekiti. Nimerudi."

Hakuna aliyecheka sasa.

Honi ikalia.

Kibera nzima ya kando ya reli ikainama. Magunia yakapanda, watoto wakavutwa, miavuli ikafungwa. Mzigo wa buluu ulikuwa langoni, ukingoni mwa chuma, na Waithaka amesimama karibu nao mikono nyuma, kwa sababu mwenyekiti hainui. Wale watatu wanaotaka nafasi walikuwa wamenyoosha shingo. Filister akafika pale kwa magongo yake. Aliutazama mzigo ulioko chini, na chini ilikuwa mbali kama Kisumu.

Celine akainama kuushika.

"Acha," Filister akasema, akaweka gongo mbele ya mikono ya binti yake.

"Mama! Treni!"

"Acha nimesema." Akageuka. "Kalondu! Njoo uinue."

Kalondu alikuwa amesimama na gunia lake la muthokoi kifuani. "Nimesema siinui tena cha mtu."

"Usiinue cha mtu. Inua chako."

Treni ilikuwa imeshatokea kwenye kona, taa yake inawaka ingawa jua bado lipo.

"Unajua unachosema?" Kalondu akapaza sauti. "Nikiinua sasa, umeniita wewe, mbele ya watu, pamekuwa pangu. Hakuna kusema kesho hatukukubaliana!"

"Mbele ya watu! Na mbele ya Mjapani! Inua, mwanamke, kabla hatujala omena ya kusagwa!"

Kalondu alitupa muthokoi wake mikononi mwa Celine, akaruka dimbwi, akaukumbatia ule mzigo bila kuziba pua, akarudi nao nyuma hatua mbili. Filister alirudi hatua moja, kwa sababu ya magongo. Treni ikapita mbele yao ikitetemesha ardhi, upepo wake ukawavua leso wote wawili, na kwa muda hapakuwa na la kusikika ila chuma.

Ilipokwisha kupita, Waithaka alisafisha koo. "Basi mmeona wote. Langoni ni pa Mama Kaluki." Wale watatu wakaondoka, mmoja akipiga teke jiwe.

Filister aliangalia mahali pake. Miaka ishirini na sita. Alidhani angelia, lakini kilichomjia kilikuwa udadisi tu, kama mtu aliyevua kiatu cha siku nyingi na kutaka kujua mguu unafananaje.

"Haya, mwenye nyumba," akasema. "Sasa?"

Kalondu alikuwa amekwisha kumnyang'anya Celine muthokoi wake, anautandika langoni kwa madaha. "Sasa hapa ni kwangu, na mimi kwangu sitaki samaki." Akaushika mzigo wa buluu, akauburuta hadi mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa akikaa siku zote, hatua tano kutoka langoni. "Utakaa huko. Jua la mchana linakupiga usoni na bomba linavuja. Mimi nimevumilia miaka kumi na minane."

"Na nani ataniinulia mpaka mwezi wa nane?"

"Utamleta Celine."

"Celine ana saluni."

Kalondu akachagua mawe mawili matatu kwenye ndengu. "Basi nitaona," akasema. "Nitaona kama nina nafasi."

Alimletea ile ndoo aikalie. Filister akashushwa juu yake na Celine kama yai. Akafungua turubai, akatia mkono, akatoa omena chache, akazisugua kiganjani na kuweka moja mdomoni. Vumbi lilikuwepo, lakini samaki alikuwa mzima, mkavu, wa kupasuka. Akapunga mkono kwa watu waliokuwa wakishuka kwenye treni.

Simu ya Celine ikalia, akampa mama yake. Ni Bridgit, anahema.

"Mathe! Tumeona yote! Umesimama tu hapo na huyo mama amekuja akainua mbio mbio, halafu ametandika vitu vyake kwa lango! Tena amekusukumia kule nyuma, mchana kweupe! Wateja hapa wamekasirika. Nimpigie mwenyekiti?"

Filister aliangalia juu, kwenye kile kidude kama kibiriti.

"Bridgit, mtu anayesukwa ni nani saa hii?"

"Ni Caren. Nimefika nusu."

"Maliza Caren. Halafu kama unataka kujua kilichotokea, panda gari uje uulize. Ukija beba karai, kuna omena."

Akakata. Mwanaume mmoja aliyeshuka kwenye treni, shati la ofisini, alikuwa amesimama mbele ya Kalondu langoni, anaelekeza kidole kwenye muthokoi na kuuliza omena imehamia wapi, na je, gorogoro linarundikwa au linasawazishwa.

"Mimi sijui," Kalondu akamjibu. "Muulize jirani yangu."